Deputy alisikia simu ikivibrate ndani ya lab. Haikuwa simu

Wakuu wa jukwaa, hamjambo? Mlio kazini jifanyeni mnajibu email, mlio na watoto wapeni kitu cha kuchezea, nina stori.

Haya yalitokea, na yalitokea kwangu. Pale nilipotia chumvi mtaonja wenyewe, lakini mboga ni ya kweli. Majina nimebadilisha kwa sababu bado nataka kumaliza shule.

Mimi ni msichana wa Form Three, shule moja ya kutwa ya mseto huku Nyamasaria, Kisumu. Naandika kwa simu ya mathe, yaani mama yangu, ameiacha nyumbani ikichaji akaenda mazoezi ya kwaya. Nikikatika ghafla jueni soprano wamemaliza mapema.

Shuleni mimi ndiye yule. Kila darasa lina mmoja. Kitu kikianguka nyuma, mwalimu anaita jina langu kabla hajageuka.

Sasa tuanze na gauni, kwa sababu bila gauni hakuna stori.

Shule iliamua walimu wawe na sare ya Ijumaa. Kitenge kimoja, wote wafanane, wageni wakija waone umoja. Ikaundwa kamati ya sare. Wanakamati wote walikuwa wanaume. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Njoroge wa Maths, mtu mpole sana, lakini mtu ambaye hajawahi kuvaa gauni hata kwa bahati mbaya.

Wanaume wakajichagulia mashati. Mikono mifupi kwa sababu ya jua la Kisumu, shingo wazi upepo wa ziwa uingie, na mfuko wa kalamu kifuani.

Wanawake wakachaguliwa gauni kutoka kwa picha ya mannequin. Shingo juu, mikono ya kubana, rangi ya njano iliyopauka, na zipu mgongoni kutoka shingoni hadi kiunoni.

Ni gauni poa sana kwa mtu asiyepumua, asiyetoa jasho na anayeshinda kwenye dirisha la duka.

Walimu wa kike waliulizwa? Waliulizwa saizi.

Basi, Madam Atieno wetu wa Biology alirudi kutoka maternity leave wakati huohuo. Madam ni mwalimu wa board, yaani hajaajiriwa na serikali, mkataba wake unaangaliwa upya kila muhula. Amesomea Chuo Kikuu cha Maseno, anafundisha mpaka hata mimi naelewa, na hilo si jambo dogo. Mtoto wake alikuwa na miezi minne.

Mimi nilijua haya yote vipi? Kwa sababu ya adhabu.

Ijumaa moja nilikuwa lab nikiosha beaker. Nilikuwa nimemwigiza Deputy, naibu wa principal, akihutubia assembly, na Deputy akawa nyuma yangu akinisikiliza mpaka mwisho. Saa ya break Madam akaingia, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniona mimi. Uso wake ukaonyesha wazi kwamba angependelea mtu mwingine yeyote.

"Ni wewe tu uko hapa?"

"Ni mimi tu, Madam."

"Yawa. Haya, kuja. Nifungulie hii zipu."

Nikamfuata kwenye prep room, kale kachumba nyuma ya lab ambako panakaa chupa za asidi na chura ndani ya mtungi. Nikavuta zipu. Ilikataa. Nikavuta tena. Ilikubali kwa kelele kama inalalamika kwa chama cha wafanyakazi.

"Sasa geuka, tazama huyo chura," akasema.

Nikatazama chura. Chura akanitazama. Nyuma yangu kitu kikaanza: vrrr, vrrr, vrrr.

"Madam, kuna nyuki."

"Si nyuki, mjinga wewe. Ni breast pump."

Kwa ndugu zangu wanaume walioacha kusoma hapo juu, rudini. Ni mashine ya kumtolea mama maziwa akiwa mbali na mtoto. Ina kikombe kama faneli, mpira mwembamba, chupa, na kamota kadogo ka betri. Ya Madam ilikuwa ya mitumba ya dada yake na ilikuwa imezeeka. Ukiiweka juu ya ile meza ya mbao yenye droo za bati, inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi.

Nikamuuliza kwa nini tunajificha na chura.

Akasema aliomba chumba. Aliomba kwa heshima, kwa staff meeting. Deputy akamjibu, "Madam, hii ni shule, si kliniki. Mambo ya nyumbani tuyaache nyumbani. Lakini kama ni lazima, vyoo viko."

Vyoo vyetu wakuu. Vile vya shimo. Inzi wa pale wanajuana na sisi kwa majina.

"Wewe unaweza kula chapati huko?" Madam akaniuliza.

"Hata kuishikilia siwezi."

"Basi nyathina asikule chakula kilichotengenezwa huko." Nyathina ni mtoto wangu, kwa wale wasiojua Dholuo.

Halafu akaniambia kitu ambacho kilinifanya nisahau kuchekesha. Mtoto wake alijaribiwa maziwa ya kopo akatapika mpaka wakalazwa. Mama mkwe aliyeko Sondu anasema apewe ya ng'ombe, mbona baba yake alikunywa akakua. Daktari amekataa. Kwa hivyo ni haya ya mama, basi.

"Na haya yanataka kutolewa. Nikikaa asubuhi mpaka jioni bila kutoa, mwili unasema kumbe hayatakiwi, yanapungua, yanakauka. Yakikauka nitaacha kazi nikae na yeye. Na mwalimu wa board akitoka, harudi."

Akanitazama. "Umesikia lakini hujasikia. Sawa? Deputy akijua niko hapa atanifungia na hii pia."

"Sawa, Madam."

Nikafunga zipu. Kuanzia siku hiyo nikawa Afisa wa Zipu. Kazi ya kila Ijumaa, break na lunch: nafungua, natoka nje, Madam anajifungia kwa ndani, nasimama mlangoni kama askari wa benki. Akimaliza anagonga, naingia, nafunga.

Siku zingine hakunihitaji. Na hapa akina mama wanaofanya kazi chukueni kalamu, kwa sababu nilisoma kwa kutazama. Jumatatu hadi Alhamisi Madam alivaa blauzi ya vifungo mbele, au top mbili, ya juu unainua na ya ndani unashusha, hakuna mtu anaona hata tumbo. Rangi za giza, maua mengi mengi, maana maziwa yakivuja kitambaa cha maua hakisemi kitu. Pedi ndogo za kifuani ndani ya sidiria. Leso kwenye begi. Na cooler box ndogo yenye barafu, ambayo alinunua kwa wauzaji wa samaki stage, kwa sababu joto la Kisumu linaharibu maziwa ukiwa bado unaongea nayo. Boksi lilinuka samaki wa mbuta kidogo. Mtoto wa hapa ziwani azoee mapema.

Ijumaa ikifika, hekima hiyo yote inazikwa ndani ya gauni la mannequin.

Kuna Ijumaa alikuwa anatufundisha moyo. Amechora ubaoni vizuri, mishale inaingia, mishale inatoka. Nje mzazi mmoja akapita na mtoto mgongoni, anaenda kwa principal. Mtoto akalia.

Sikujua hili, Madam alinieleza baadaye: mama anayenyonyesha akisikia mtoto yeyote akilia, hata wa jirani, maziwa yanaweza kuja yenyewe. Mwili hauulizi ni wa nani.

Nikaona kwenye ile njano iliyopauka alama mbili za maji zikianza, ndogo kama shilingi, halafu kama sahani. Madam alikuwa bado anaeleza valvu. Hajui. Omondi, kijana mwenye mdomo kuliko mimi, akaanza kumpiga jirani yake kiwiko.

Sikufikiria. Nilikuwa na chupa yangu ya maji, ya lita. Nikasimama, nikasema, "Madam, hapa sijaelewa," nikatembea hadi mbele, nikajikwaa kwa miguu yangu mwenyewe na nikammwagia yote kifuani.

Darasa likalipuka.

"Wewe msichana ni kitu gani!" Omondi akapiga kelele kwa furaha. "Umemuogesha Madam!"

Madam akajitazama. Akanitazama. Nikaona ameelewa.

"Piga magoti hapo mbele mpaka kengele," akasema kwa sauti ya ukali kabisa. Kisha akainama kuokota chupa yangu, na chini chini, "Ero kamano." Asante hiyo.

Nilipiga magoti nikiwa mtu muhimu.

Sasa tuingie kwa Deputy wetu. Sisi tunamwita Antena. Simu ni marufuku shuleni, na huyu mzee Mungu alimpa kipaji kimoja maishani: anasikia simu. Sio ikilia. Ikivibrate. Anaweza kuwa staffroom anakula githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, akaweka kijiko chini, akatembea moja kwa moja hadi dawati la mtu, akasema, "Soksi ya kushoto." Na kweli iko soksi ya kushoto.

Simu anazokamata huzifungia kwenye sanduku la chuma ofisini kwake. Muhula huo sanduku lilikuwa tupu na lilimuuma. Alizunguka korido na kichwa kikiwa upande, kama kuku aliyesikia mwewe.

Ijumaa ya stori yenyewe, principal alikuwa mkutano mjini. Lunch. Nimefungua zipu, nimetoka, Madam amejifungia, mashine imeanza. Posho mill.

Nikaona Deputy ametokea mwisho wa korido. Akasimama. Sikio likageuka kwanza, kichwa kikafuata.

Nikaanza kuimba. Wimbo wa kanisa, kwa sauti.

"Nyamaza," akasema akija. "Kuna kitu kinavibrate humo ndani."

"Ni friji, sir."

"Lab haina friji."

"Ni chura, sir."

"Chura amekufa tangu nije hii shule!"

Akaweka sikio kwenye mlango. Nawaambia uso wake ulinawiri kama wa mtu aliyepata kura. Vrrr, vrrr.

"Hii ni simu. Hii ni simu kubwa! Nani yuko ndani?"

Mashine ikanyamaza, na hiyo ndiyo ilimaliza mambo. Kwa Deputy, kitu kinachonyamaza ukiuliza ni mwanafunzi.

"Wewe uliye ndani! Toa hiyo simu! Nahesabu!"

Wanafunzi wakaanza kujaa na sahani zao za githeri. Omondi mbele kabisa, anatafuna akitazama, kama yuko sinema. Mwalimu Njoroge akaja kuona kelele ni ya nini. Deputy akamtuma prefect amwite askari wa geti na ile nondo yake.

Wakuu, fikirieni hali ya Madam. Yuko ndani, gauni limefunguka mgongo wote, maziwa kwenye chupa. Zipu hawezi kuifunga peke yake, mkono wa binadamu haufiki hapo. Mtu wa kumfungia ni mimi, na mimi nimeshikwa kola na Deputy. Nondo inakuja. Mlango ukivunjwa, shule nzima na githeri yake iko hapo. Na baada ya hapo atarudi kufundisha nani? Angeandika barua siku hiyohiyo, aende nyumbani.

Na mimi nimeapa kutosema.

Kwa hivyo nikafanya jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya. Nikapaza sauti:

"Sir, ni simu yangu!"

Umati ukasema aaaah.

Deputy akaniachilia kola kwa heshima, kama mtu anayetaka kufurahia vizuri. "Umekiri. Mmesikia amekiri? Haya. Iko wapi?"

Nilikuwa sijafika hapo kwenye mpango.

"Iko... ndani, sir."

"Basi tuvunje!"

Omondi akatikisa kichwa kwa huruma. "Wewe hata uongo hujui."

Askari akafika na nondo. Akaiweka kwenye ukingo wa mlango. Hapo ndipo sauti ya Madam ikatoka, imetulia kabisa, ile sauti ya kusomea mtihani.

"Mwalimu, usivunje mlango. Ni mimi Atieno. Nakamua maziwa."

Deputy akaganda. Unaona kabisa neno linaingia, linatafuta mahali pa kukaa, linakosa.

"Maziwa ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto... yuko humo ndani?"

"Mtoto yuko nyumbani. Maziwa ndiyo yako hapa. Ndiyo shida yenyewe, Mwalimu, ile nilikuambia kwa mkutano ukaniambia vyoo viko."

Githeri ilisimama midomoni. Hakuna aliyecheka. Dorcas wa Form Two akasema polepole, "Kwa choo? Yawa." Na wasichana wote wakamgeukia Deputy kwa pamoja.

"Sawa, Madam, sawa," Deputy akasema, akirudi nyuma. "Basi, ee, toka tu tuongee ofisini."

"Siwezi kutoka."

"Kwa nini huwezi?"

"Gauni la kamati lina zipu mgongoni. Linahitaji mtu wa pili. Mtu wangu wa pili umemshika hapo."

Mwalimu Njoroge akatazama shati lake. Akatazama mlango. Aligusa mfuko wake wa kalamu kana kwamba ameuona leo mara ya kwanza.

"Mwachilie msichana aingie," akasema.

Nikaingia. Chupa ya Madam ilikuwa imejaa na imefunikwa. Nikafunga zipu. Ilipanda bila kusumbua, nadhani nayo ilikuwa na aibu.

Madam akatoka na chupa mkononi, sio kwenye begi, mkononi, juu, kila mtu aione.

"Barafu yangu imeyeyuka," akamwambia Deputy. "Friji ya soda za wageni iko ofisini kwako. Naomba niweke hii."

Deputy akapisha. Umati ukapisha. Akatembea katikati ya uwanja na ile chupa, na hata Omondi alivua kofia.

Jumatatu principal akarudi, staff meeting ikaitwa. Mimi nilikuwa nafagia chini ya dirisha, mahali pasipo na takataka.

Mwalimu Njoroge akasimama. "Kusema ukweli, wenzangu, kamati haikufikiria hilo."

Mama Adongo, mwalimu wetu wa Kiswahili ambaye anakaribia kustaafu, akajibu bila kusimama: "Mfuko wa kalamu mlifikiria."

Nikasikia kiti kikilia, Mwalimu Njoroge amekaa chini.

Ijumaa, wakuu, walimu wote wa kike walikuja na magauni yale yale, lakini fundi amepita. Zipu ya mgongoni imeshonwa ikafa. Mbele kuna vifungo, na chini ya vifungo kitambaa cha pili cha kuficha. Hata Mama Adongo ambaye kitinda mimba wake ana mtoto. Nilipomuuliza, akasema, "Na kupumua je?"

Deputy akatangaza kwa assembly kwamba uongozi, baada ya kufikiria kwa kina, umeamua vifungo viwe mbele. Tukampigia makofi. Usipompa mzee njia ya kushuka mtini atakaa huko juu.

Principal akatoa kachumba kaliko kando ya ofisi ya Deputy. Pazia, kiti, soketi, kitasa cha kufungia ndani. Madam anaingia pale break na lunch, anatoka, anafundisha. Mkataba wake umeongezwa. Mtoto haendi kunywa ya ng'ombe Sondu, na juzi aliletwa shule. Ana mashavu mpaka macho yanatafuta pa kutokea.

Mkadhani nami nilisamehewa.

Aka. Kumbukeni nilikiri nina simu, mbele ya mashahidi. Nikaitwa ofisini.

"Sir, ilikuwa pump. Umeiona."

"Pump ni ya Madam. Mimi nauliza simu yako. Ulisema unayo."

"Sina, sir."

"Basi ulidanganya uongozi. Kudanganya ni kwenda nyumbani. Kuwa na simu ni kuileta, inafungiwa, unasoma. Chagua."

Nilienda nyumbani nikamweleza mathe. Alicheka mpaka akakaa chini, akapekua kabati, akanipa kabambe, simu ya vitufe, ambayo ilikufa kabla sijajiunga na nursery. Haina betri, haina kioo, nyuma imefungwa kwa rubber band.

Deputy aliipokea kwa mikono miwili. Akaandika jina langu, akaifungia kwenye sanduku. Ndiyo simu pekee aliyokamata muhula mzima.

Nimejifunza nini? Ukitaka kumshonea mtu gauni, muulize atafanya nini akiwa ndani yake. Na mama akiomba chumba hajaomba starehe. Anaomba aendelee kuwa mama na aendelee kulipwa, vyote siku moja.

Akina mama mlio kazini, hebu mtuambie hapa chini: nyinyi mnatolea wapi, na mnavaa nini? Na kama kuna anayejua Kisumu pump isiyo na kelele inauzwa wapi, aseme, nimtumie Madam.

Walimu wanaume nao karibuni, ila matusi pelekeni kwa kamati.

Lakini hili la mwisho libaki kati yetu. Siku hizi Deputy akisikia kitu kinavibrate, popote, hata ndani ya begi la Omondi, anakohoa kwa nguvu, anatazama dari, na anaondoka mbio.